Barua ya Maurice Ravel ya Juni 1916: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninafundisha Kifaransa, na kila mwaka kuna kipindi kimoja ninachokingoja kwa hamu: siku ya kusoma barua hii. Wanafunzi huniuliza maswali yaleyale, na jamaa wanaomjua mtunzi Ravel kwa Boléro, kipande chake maarufu cha okestra, peke yake nao huniuliza hayohayo. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Vipande vya barua nimevitafsiri mwenyewe kutoka Kifaransa.

Ni barua gani hasa?

Ni barua ambayo mtunzi wa muziki Maurice Ravel aliiandika tarehe 7 Juni 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto na yeye mwenyewe akiwa askari. Aliiandikia kamati ya chama kilichoitwa Umoja wa Taifa wa Kutetea Muziki wa Kifaransa. Walikuwa wamempelekea tangazo lao na katiba yao ili ajiunge. Akawajibu kwa adabu zote kwamba hajiungi, na akawaeleza kwa nini, hoja baada ya hoja.

Si ndefu. Ukiisoma kwa sauti bila haraka, dakika tano hazifiki.

Ravel ni nani, kwa asiyemjua?

Alizaliwa tarehe 7 Machi 1875 huko Ciboure, mji mdogo wa wavuvi kusini-magharibi mwa Ufaransa, karibu kabisa na mpaka wa Hispania. Mama yake alikuwa Mbaski, baba yake mhandisi mwenye asili ya Uswisi. Familia ilihamia Paris akiwa bado mchanga, na huko ndiko alikosomea muziki, mwalimu wake wa utunzi akiwa Gabriel Fauré. Wengi wanamfahamu kwa Boléro ya mwaka 1928, lakini kufikia 1916 alikuwa tayari jina kubwa: alikwisha kutunga Gaspard de la nuit kwa ajili ya piano na Daphnis et Chloé kwa ajili ya okestra na kwaya.

Umoja huo ulikuwa unataka nini?

Ulitaka ipigwe marufuku kupiga hadharani nchini Ufaransa muziki wa watunzi wa Ujerumani na Austria wa zama zile, yaani ule ambao hakimiliki yake ilikuwa haijaisha. Beethoven na wenzake wa kale waliachwa wapite. Waliolengwa ni walio hai na waliokufa karibuni.

Waliokuwa nyuma ya chama hiki hawakuwa watu wa mitaani. Kati ya marais wake wa heshima walikuwamo Camille Saint-Saëns na Vincent d'Indy, wazee wawili wenye uzito mkubwa katika muziki wa Ufaransa. Katibu wake alikuwa Charles Tenroc.

Kabla ya kuwacheka, tukumbuke hali ilivyokuwa. Sehemu kubwa ya kaskazini mwa Ufaransa ilikuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Kanisa kuu la Reims, ambamo wafalme wa Ufaransa walikuwa wakitawazwa, lilikuwa limeungua kwa mizinga Septemba 1914. Watu walikuwa wakizika watoto wao. Hasira ile ilikuwa ya kweli, na Ravel aliijua vizuri kuliko wengi wa waliomwandikia.

Alikuwa anafanya nini vitani?

Hili ndilo jambo ambalo mtu asipolijua, barua yote inampita kando.

Ravel hakulazimishwa kwenda vitani. Alikuwa na umri wa miaka 39 vita vilipoanza, na ujanani alikuwa amesamehewa utumishi wa jeshi kwa sababu ya afya. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, na madaktari wa jeshi walipompima walisema uzito wake umepungua kilo mbili chini ya kiwango. Akang'ang'ania. Aliharakisha kumaliza Trio yake ya piano, fidla na selo mwaka 1914 ili aende kujiandikisha. Alitamani kuwa rubani, wakamkatalia. Mwaka 1915 wakamkubali katika kikosi cha mizinga, akawa dereva wa lori.

Machi 1916 akapelekwa upande wa Verdun, ambako mapigano makubwa yalikuwa yameanza tarehe 21 Februari. Lori lake alilipa jina la kike, Adélaïde, na kwenye barua kwa marafiki alikuwa akijiita dereva Ravel. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba vifaa usiku, mara nyingi bila taa, kwenye barabara zinazopigwa makombora.

Kwa hiyo aliyeandika barua hii ni mtu mwenye mafuta ya lori mikononi. Waliompelekea tangazo la uzalendo walikuwa Paris.

Mbona juu ya barua hakuna jina la mahali?

Juu ameandika "Zone des armées", maana yake eneo la majeshi. Askari hawakuruhusiwa kutaja walipo, maana barua iliweza kuangukia mikononi mwa adui. Ukikutana na maneno hayo kwenye barua yoyote ya Kifaransa ya miaka ile, ujue imetoka upande wa mapigano.

Barua inasema nini?

Inaanza kwa kuomba radhi. Mapumziko ya lazima, anasema, ndiyo yamempa nafasi ya kujibu; karatasi zao zilimfikia kwa kuchelewa, na kuhamishwa huku na kule na kazi yake ya misukosuko havikumwachia muda. Halafu, kwa sauti ileile ya upole, anaomba radhi mara ya pili: samahani pia kwamba siwezi kukubaliana na katiba yenu, kwa sababu nimeisoma kwa makini.

Hapo darasa langu huwa linanyamaza. Katika Kifaransa sentensi zile mbili zinafanana sura: nisameheni kwa hili, nisameheni pia kwa lile. La kwanza ni kuchelewa tu. La pili ni kukataa katakata.

Anakubali kwamba kiu yao ya kuona taifa linashinda anayo yeye pia tangu vita vilipoanza, na kwamba anaelewa ile "haja ya kutenda" iliyozaa chama chao. Kisha anaongeza, kama mtu anayepita tu, kwamba haja hiyo ilikuwa kali sana ndani yake hata akaacha maisha ya kiraia, ilhali hakuna kilichomlazimisha.

Anapofika kwenye katiba yenyewe, anasema hawezi kuwafuata wanaposema kazi ya sanaa ya muziki ni ya kiuchumi na kijamii. Yeye hajawahi kuutazama muziki hivyo, wala sanaa nyingine yoyote. Filamu, santuri na nyimbo nyepesi za mitaani anawaachia wafanye watakavyo. Hata operetta (michezo myepesi ya kuimba) za Vienna anawaachia, ingawa anapenyeza neno kwamba zimetengenezwa kwa ustadi kuliko zile za aina hiyo zinazotoka kwao Ufaransa.

Halafu anatoa onyo, ambalo ndilo moyo wa barua. Itakuwa hatari, anasema, watunzi wa Ufaransa wakiamua kupuuza kazi za wenzao wa nje na kujifungia katika kikundi cha kitaifa. Sanaa yao, ambayo kwa sasa ina utajiri mkubwa, itadhoofika upesi na kubaki imefungwa ndani ya kanuni zilizochakaa.

Karibu na mwisho anagusa upande wa pili wa sarafu hiyohiyo: haamini kwamba kila muziki wa Kifaransa unapaswa kutawala Ufaransa na kusambazwa nje bila kujali thamani yake. Kisha anahitimisha kwamba, kama mnavyoona mabwana, mawazo yangu yako mbali mno na yenu, siwezi kupata heshima ya kuwa miongoni mwenu. Anatumaini hata hivyo kuendelea "kutenda kama Mfaransa".

Mbona barua imejaa alama za kunukuu?

Kwa sababu Ravel anawarudishia maneno yao. Karibu kila kilicho ndani ya alama hizo kimetoka kwenye tangazo au katiba ya Umoja. Alikuwa nayo mbele yake, akiyachukua kipande kwa kipande na kuyajibu. Hata yale maneno "kutenda kama Mfaransa" mwishoni ni yao. Anayachukua, anayaweka kwenye sentensi inayohusu maisha yake mwenyewe, na ghafla yana maana nyingine kabisa, kwa kuwa msomaji ameshajua maisha hayo ni ya wapi.

Wanafunzi wangu wengine huona kwamba alikuwa anawakejeli. Mimi sioni hivyo. Naona mtu aliyewaheshimu vya kutosha hata akawasoma neno kwa neno.

Schönberg, Bartók na Kodály ni akina nani, na kwa nini aliwataja?

Arnold Schönberg alikuwa mtunzi wa Vienna, mji mkuu wa adui. Wakati Ravel anaandika, Schönberg naye alikuwa ameshaitwa kwenye jeshi la Austria. Béla Bartók na Zoltán Kodály walikuwa Wahungaria, yaani raia wa dola hiyohiyo ya adui, Austria-Hungaria, na wote wawili walikuwa wamezunguka vijijini miaka mingi wakikusanya nyimbo za wakulima.

Ravel anaandika kwamba kwake si kitu Bwana Schönberg kuwa raia wa Austria. Bado ni mwanamuziki wa thamani kubwa, na majaribio yake yamekuwa na athari njema kwa watunzi wa nchi rafiki, "na hata kwetu". Kuhusu Bartók na Kodály anasema anafurahi kwamba ni Wahungaria na kwamba wanauonyesha Uhungaria wao katika kazi zao kwa ladha namna ile. Neno alilotumia ni *saveur*, neno la mezani, la chakula kitamu.

Yale maneno "hata kwetu" hayakuwa ya kupamba. Schönberg alikuwa ametunga Pierrot lunaire mwaka 1912, kwa sauti moja na kikundi kidogo cha ala. Mwaka uliofuata Ravel alikuwa Uswisi akifanya kazi pamoja na mtunzi Mrusi Igor Stravinsky, habari za kazi ile zikamfikia, naye akatunga nyimbo tatu kwa mashairi ya Mallarmé akitumia kikundi kidogo cha ala vilevile. Zilipigwa Paris Januari 1914. Kwa hiyo Ravel alikuwa anakiri deni lake mwenyewe, kwa maandishi, kwa watu waliotaka madeni ya namna hiyo yafutwe.

Je, alikuwa anawapenda Wajerumani kupita kiasi?

Hapana. Katika barua hiyohiyo anasema kwamba, ukimwondoa Richard Strauss, Ujerumani ya wakati ule haikuwa na watunzi ila wa daraja la pili, ambao mfano wao unapatikana Ufaransa bila kuvuka mpaka. Hiyo si kauli ya mtu anayewapendelea. Ila hapohapo anaongeza kwamba huenda vijana wakachipuka huko kesho, na itakuwa vizuri kuwasikia.

Wakamjibu nini?

Umoja uliuondoa muziki wa Ravel kwenye matamasha yake. Dereva wa lori wa Verdun akajikuta amewekwa kundi moja na wale aliowatetea.

Kwa nini Saint-Saëns alikuwa upande ule?

Swali hili nalipenda, maana watu humchora mzee huyu kama mtu mbaya wa hadithi, na si haki.

Saint-Saëns alizaliwa mwaka 1835. Alikuwa mtu mzima tayari Ufaransa iliposhindwa na Prussia, dola ya Kijerumani, katika vita vya 1870 na 1871, na mwaka huo wa 1871 alikuwa kati ya waanzilishi wa Chama cha Taifa cha Muziki, kilichoundwa ili watunzi wa Kifaransa waliokuwa hai wapate mahali pa kusikika. Ujanani aliutetea muziki wa Liszt na wa Mjerumani Wagner wakati wengi Paris hawakutaka kuusikia. Baadaye alibadilika, na vita vya 1914 vikamfanya mkali zaidi. Mwaka huo aliandika makala kali gazetini dhidi ya Wagner. Alikuwa na miaka 80 Ravel alipoandika barua yake. Alifia Algiers mwaka 1921.

Na kuna jambo moja linalonigusa kila mara. Saint-Saëns ndiye aliyemfundisha Fauré, na Fauré ndiye aliyemfundisha Ravel. Kimuziki, mjukuu alikuwa anamwandikia babu. Ravel hakuacha kuuheshimu ustadi wa mzee yule: miaka mingi baadaye alisema Konseto yake ya piano (kipande cha piano na okestra) katika G ameitunga kwa roho ya Mozart na Saint-Saëns.

Vita hivyo vilihusiana vipi na huku kwetu?

Vilikuwa ni vita hivyohivyo. Miezi ileile Ravel akiendesha Adélaïde, majeshi ya Jenerali Smuts, upande wa Waingereza, yalikuwa yakishuka kutoka upande wa Kilimanjaro kuingia Tanganyika ya Wajerumani, na Dar es Salaam ilitekwa Septemba 1916. Kazi ambayo Ravel aliifanya kwa lori, huku ilifanywa kwa vichwa na mabega ya watu, wapagazi wasio na idadi, wengi wao wakafa kwa njaa na maradhi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps kwa Kiingereza. Ninapofundisha barua hii huwa nawakumbusha wanafunzi kwamba babu zetu nao walikuwa na ya kusema kuhusu mwaka 1916, lakini wengi hawakupewa kalamu.

Nini kilimpata Ravel baada ya barua?

Mwaka huohuo aliugua ugonjwa wa kuhara damu, akafanyiwa upasuaji na kurudishwa Paris. Januari 1917 mama yake akafariki. Alikuwa hajaoa, na mama ndiye aliyekuwa nyumba yake. Barua zake za miezi iliyofuata ni za mtu aliyevunjika. Jeshi likamruhusu aondoke baadaye mwaka huo.

Kuhusu msimamo wake, aliuishi. Oktoba 1920, vita vikiwa vimeisha miaka miwili tu, alikwenda Vienna, na katika chama cha matamasha cha Schönberg, yeye na mwenzake Alfredo Casella wakapiga La Valse kwa piano mbili. Miaka kumi baadaye alitunga Konseto ya piano kwa mkono wa kushoto kwa ajili ya Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Austria aliyepoteza mkono wa kulia vitani. Aliyekuwa askari wa Ufaransa anamtungia aliyekuwa askari wa Austria, ili mkono uliobaki uwe na kazi ya kufanya. Ilipigwa mara ya kwanza mjini Vienna Januari 1932.

Ni kweli kwamba mwishoni hakuweza hata kuandika barua?

Ni kweli, na inauma. Kuanzia mwaka 1933 hivi ugonjwa wa ubongo ulianza kumnyang'anya uwezo wa kuandika. Akili yake ilikuwa timamu, muziki aliusikia kichwani, lakini mkono ulisahau herufi. Barua moja fupi ya mwaka 1934, yenye maneno kama hamsini tu, ilimchukua zaidi ya wiki nzima, kamusi ya Larousse ikiwa pembeni ili atazame umbo la herufi ndipo ainakili. Alifanyiwa upasuaji wa kichwa Desemba 1937 na akafa tarehe 28 mwezi huo.

Ndiyo maana barua ya 1916 naithamini zaidi. Mkono ule ulikuwa bado wake.

Barua na miswada yake iko wapi leo?

Imetawanyika. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa iliyoko Paris ina hazina kubwa. Marekani kuna Morgan Library mjini New York na Harry Ransom Center mjini Austin, Texas. Nyumba yake ya Montfort-l'Amaury, magharibi ya Paris, aliyoinunua mwaka 1921, ni makumbusho. Barua nyingine bado ziko kwa watu binafsi na huonekana kwenye minada.

Ukiuziwa karatasi inayodaiwa kuwa ya Ravel, usiishie kwenye sahihi, kwa sababu sahihi ndiyo inayoigizwa kirahisi. Anza na tarehe: uliza alikuwa wapi siku hiyo, kwa kuwa maisha yake yanafuatiliwa karibu wiki kwa wiki. Barua ndefu yenye mwandiko laini iliyoandikwa tarehe ya 1936 ingenitia shaka mara moja.

Muziki wake una hakimiliki bado?

Nchini Ufaransa Boléro ilitoka kwenye ulinzi tarehe 1 Mei 2016. Sheria yao iliongeza miaka ya fidia kwa sababu ya vita, ndiyo maana haikuwa 2008 kama ilivyotarajiwa kwa hesabu ya kawaida ya miaka 70 baada ya kifo. Kurekodiwa kwa muziki huo ni habari nyingine. Rekodi ina haki zake.

Nisikilize nini nikishaisoma barua?

Le Tombeau de Couperin, katika umbo lake la kwanza la piano peke yake. Ravel aliianza mwaka 1914, akaiacha kwa ajili ya vita, akaimaliza mwaka 1917. Neno *tombeau* ni kaburi, ila katika muziki wa kale wa Ufaransa lilimaanisha pia kipande cha kumuenzi marehemu, na Couperin alikuwa mtunzi wa Kifaransa wa zama hizo za kale. Kuna vipande sita, na kila kimoja amekiandikia majina ya rafiki au marafiki waliouawa vitani. Cha mwisho, Toccata, ni cha Joseph de Marliave, aliyeuawa Agosti 1914; mjane wake, Marguerite Long, ndiye aliyekaa kwenye piano na kuupiga mkusanyo wote mbele ya watu kwa mara ya kwanza, Aprili 1919.

Lakini anza na cha nne, Rigaudon. Ni ngoma ya kale ya Kifaransa, ya haraka, ina furaha ya watu wanaorukaruka. Katikati inatulia kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu, kisha furaha inarudi. Juu ya karatasi yake kuna majina ya ndugu wawili, Pierre na Pascal Gaudin, ambao Ravel aliwajua nyumbani kwao, upande ule wa bahari alikozaliwa. Waliuawa na kombora moja.